Tuzo ya mwalimu bora: tuwaulize waliokwisha kupita

Katika kitivo chetu wengi wanasema kwamba wakati umefika wa kutoa tuzo ya mwalimu bora wa mwaka. Mimi naunga mkono wazo hilo. Lakini kabla ya kuchapa karatasi za kura na kupanga siku ya sherehe, tukubaliane kwanza tunataka kumtuza nani: mwalimu tunayempenda, au mwalimu aliyetufundisha? Pengine ni mtu mmoja, na pengine ni watu wawili tofauti kabisa.

Sababu ya kutaka tuzo ni wazi. Katika vyuo vikuu vya Kongo, asistenti hupanda kuwa CT, na akiisha kupata udaktari huingia katika ngazi za uprofesa. Katika safari hiyo yote, machapisho na miaka ya kazi ndivyo vinavyohesabiwa zaidi. Namna anavyofundisha ina uzito mdogo sana katika faili lake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli, maana mnunuzi huona bidhaa na kuishika. Kufundisha hufanyika ndani ya oditwari, na hata mwalimu wa chumba cha pili hajui mwenzake anafanya nini humo. Chema cha namna hiyo hakijiuzi; ni lazima mtu akitaje.

Hatari iko katika namna ya kukitaja. Wengi wanaowaza tuzo wanawaza kura: mwisho wa semesta, kila promosyo inaandika jina, na mwenye majina mengi anashinda. Kura ya namna hiyo hupima nini? Mwaka 1970, huko Marekani, watafiti walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dr. Fox na sifa za uongo za mtaalamu mkubwa, wakamtuma kuhutubia madaktari wa akili, wanasaikolojia na walimu. Hotuba yake ilitungwa makusudi isiwe na maana: maneno yasiyokuwepo, hoja zinazopingana, na mizaha ya kuchangamsha. Wasikilizaji walimsifu sana. Nao hawakuwa vijana wa mwaka wa kwanza. Walikuwa watu waliosoma.

Jambo la pili linatusumbua zaidi. Mwaka 2010, Carrell na West walichapisha utafiti uliofanywa katika chuo cha jeshi la anga cha Marekani, ambako wanafunzi hugawiwa walimu bila kuchagua. Walimu wenye uzoefu mdogo walipewa maoni mazuri na wanafunzi wao, na darasa lao lilipata pointi nzuri katika somo lile lile. Lakini masomo yaliyofuata, yale yanayojengwa juu ya lile la kwanza, yalionyesha kinyume: waliofundishwa na walimu wenye uzoefu zaidi, ambao hawakusifiwa sana, ndio waliofanya vizuri. Maana yake ni kwamba wakati unapouliza hubadilisha jibu unalopata.

Nitatoa mfano wa fani yetu. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Kwa hiyo sisi tuliolelewa katika Kiswahili tunaingia katika fonolojia ya lugha za Kibantu tukiwa na masikio mazito. Katika Lingala, moto wenye silabi mbili za chini ni mtu. Silabi ya pili ikipanda, motó, ni kichwa. Wakongomani wengi wamesikia maneno hayo tangu utoto, lakini kuyasikia na kuyaandika kwa alama sahihi ni kazi mbili. Asistenti aliyetuongoza katika kazi za mazoezi, zile tunazoziita TP, hakutusomea silabusi. Alitutaka tupige mluzi: tuondoe konsonanti na vokali, ibaki sauti inayopanda na kushuka. Kisha kila mmoja alileta maneno ya lugha ya nyumbani kwao, Kiluba, Kisanga, Mashi, Kilega, na madaftari yakarudi na wino mwekundu juu ya kila toni iliyokosewa. Promosyo nzima ilinung'unika. Kura ingepigwa juma lile, asingeipata tuzo. Mwaka uliofuata tulitumwa kurekodi wazee na kuandika hadithi zao neno kwa neno, na hapo ndipo tulipojua tulichopewa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: tuzo isiamuliwe na wanaosoma somo sasa, bali na waliolimaliza mwaka uliopita. Nao wasiulizwe kama walimpenda mwalimu. Waulizwe mambo wanayoweza kuyathibitisha. Ni kitu gani unachoweza kukifanya leo ambacho hukukiweza kabla ya somo lile? Je, kazi zako zilirudishwa zikiwa zimesahihishwa, au ulipata pointi tupu ukutani? Je, saa zilizopangwa zilifundishwa zote, au somo zima lilipitishwa mbio katika siku tatu za mwisho?

Utaratibu huo una faida nyingine. Walimu wengi wanaogopa kwamba wanafunzi watamtuza anayegawa pointi kama karanga, na hofu yao ina msingi. Lakini baada ya mwaka mmoja matokeo yamekwisha kutangazwa. Mwanafunzi hana pointi za kununua kwa kura yake, wala hana sababu kubwa ya kuogopa kusema ukweli. Anayebaki na kumbukumbu nzuri wakati huo anakumbuka somo lenyewe.

Kando ya maoni ya wanafunzi, kamati ndogo iangalie ushahidi: silabusi, maswali ya mitihani, na madaftari machache yaliyosahihishwa. Katika kamati hiyo awepo mwalimu wa idara nyingine na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho. Na tuzo ziwe mbili, moja ya maprofesa na nyingine ya maasistenti na CT. Tukiweka moja tu, heshima tunayowapa wakubwa itawafunika wadogo, ingawa sehemu kubwa ya TP imo mikononi mwa hao wadogo. Tangu mfumo wa LMD uenezwe katika vyuo vikuu vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, krediti huhesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Kazi hiyo haina maana kama hakuna wa kuipanga, kuisoma na kuirudisha.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu: cheti hakipikwi. Mtu ambaye mshahara wake ni mdogo na unachelewa hawezi kutulizwa kwa karatasi yenye muhuri. Ni kweli, na mwanafunzi anayeona mwalimu wake akikimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine kutafuta riziki hawezi kusema vingine. Tuzo isitumiwe kamwe kama kisingizio cha kutolipa. Ila madai ya mshahara nayo yanasema kwamba kufundisha ni kazi yenye thamani. Chuo kisichoweza kuonyesha kwa jina nani anaifanya vizuri, na kwa nini, kitaitetea vipi thamani hiyo?

Kwa sababu hiyo sipendekezi bahasha wala kitambaa. Napendekeza barua ya mkuu wa kitivo, inayoeleza kwa maneno mahususi kile mwalimu alichofanya, iwekwe katika faili lake na isomwe siku anapoomba kupanda daraja. Kwa asistenti, barua hiyo inaweza kuwa sababu ya kubaki badala ya kwenda kutafuta kazi katika shirika fulani. Na wakibaki, promosyo zinazokuja zitawakuta.

Hatuhitaji kungoja fedha wala amri kutoka Kinshasa. Idara moja inaweza kuanza mwaka huu, kwa somo moja la mwaka uliopita na ukurasa mmoja wa maswali. Wanaojua majibu tunapishana nao kila siku katika ngazi za jengo letu, na hakuna aliyewahi kuwauliza.