Sahani Mbili, Jiko Moja

Dada mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kumtunza ajuza wa Kiturkana huko Lokichoggio, ametuandikia. Ana kisukari, na daktari amemwagiza apunguze wanga. Lakini kutwa yumo katika uji na ugali wa ajuza, na makombo huyamaliza yeye, akichelea israfu. Anauliza: je, ampikie bibi kile anachokula yeye, wale pamoja?

Tunasema: la. Mtu mzima aliyekwisha kukonda na kupoteza meno, uji wa maziwa ndio nguvu yake, wala hapunguziwi kwa maradhi ya mwenziwe. Ajuza huyo ni amana. Lakini mwili wa mtunzaji nao una haki yake. Salman al-Farisi alimkumbusha hayo Abu Dardaa, aliyekuwa akijichosha kwa saumu na kisimamo cha usiku, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Basi ziwe sahani mbili, wala bibi asidhani anatengwa. Wakae mkeka mmoja.

Na chakula kinachomfaa dada yetu hakiko mbali. Waturkana wafugaji tangu zamani wameishi zaidi kwa maziwa, nyama na damu. (Damu sisi tumeharamishiwa, na hilo halina mjadala.) Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa Waturkana zaidi ya 1,200, ukaonyesha kwamba waliohamia mijini wana dalili mbaya zaidi za maradhi ya moyo na sukari kuliko wenzao wa malishoni. Unga mweupe na chai ya sukari nyingi vina sehemu yao katika habari hiyo. Kwa hiyo nyama ya mbuzi iliyochinjwa kisharia, mayai, mboga za majani na kunde kwa kiasi vinamtosha. Maziwa ayachemshe, na ayapime, kwani nayo yana sukari yake.

Jambo moja tunalisisitiza. Ikiwa anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asiache wanga kwa ghafla kabla ya kurudi kliniki apimiwe dawa upya. Sukari ikishuka mno ataanza kutetemeka na kutoka jasho, pengine akiwa amembeba bibi mikononi. Awe na tende mfukoni.

Ama makombo, apike kidogo zaidi. Yakisalia, mbuzi wapo.

Wallahu a‘lam.