Vijana Wawili na Mafunjo ya Bondeni

Mvua inyeshapo juu ya kilima cha Kisugu, maji hayakai. Huteremka kwa mitaro iliyo kando ya nyumba, yakapita Namuwongo, yakavuka reli, na mwishowe yakaingia katika mfereji wa Nakivubo pamoja na taka zote yaliyozikuta njiani. Mfereji huo nao umekwisha kubeba uchafu wa mjini na maji yatokayo katika mitambo ya maji taka ya Bugolobi. Yote huelekea katika kinamasi kilichoota mafunjo, kisha huingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Kilomita chache kusini, katika ghuba iyo hiyo, yapo mabomba ya Ggaba yavutayo maji ya kunywa ya Kampala. Basi mama akingaye ndoo yake katika nyumba za polisi za Nsambya, au katika kambi ya Mbuya ng'ambo ya bonde, anahusika na kinamasi hicho, apende asipende.

Katika miaka ya 1990 watafiti wawili wa Makerere waliokuwa bado wakitafuta shahada ya udaktari, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, waliamua kukichunguza. Kansiime alikuwa mtu wa elimu ya mazingira. Nalubega alikuwa mwanamke wa fani ya uhandisi. Wazee walikuwa wakisema tangu zamani kwamba kinamasi husafisha maji. Lakini husafisha kwa kiasi gani? Mahali gani? Na kwa mmea upi? Hapo maneno ya wazee yalikoma, na kazi ya vijana ikaanza.

Kazi yenyewe haina fahari. Mafunjo ya Nakivubo, hasa upande wa ziwani, hayakusimama juu ya udongo. Mizizi yake imesukana ikawa kama mkeka unaoelea, na maji hupita chini yake. Mguu ukikanyaga vibaya huzama. Mtafiti wa mambo haya hana budi kurudi mahali pale pale, mwezi baada ya mwezi, achote maji, akate majani na kuyapima uzito, kisha awahi maabara, kwa maana chupa ya kuhesabia vijidudu ikikaa juani saa nyingi, hesabu yake ni uongo mtupu. Jamaa wa nyumbani wamwonapo kijana wao msomi akirejea jioni na matope hadi magotini, wana haki ya kushangaa kidogo.

Tasnifu yao ilitoka mwaka 1999, kitabu kimoja kwa majina mawili, kwa ushirikiano wa taasisi ya elimu ya maji ya Delft na Chuo Kikuu cha Wageningen, nchini Uholanzi. Walionyesha kwamba mafunjo huondoa naitrojeni, fosforasi na vijidudu vya kinyesi kuliko lile jani jingine lililotawala humo, liitwalo kitaalamu Miscanthidium. Sababu yake yaeleweka hata na asiyesoma sayansi. Mkeka wa mafunjo umelegea, nayo maji machafu huchanganyika na mizizi. Mkeka wa jani lile ni mnene na umeshikamana, hivyo maji huteleza chini yake bila kuguswa. Mwaka huo huo wa 1999 wachunguzi wa uchumi walikadiria kwamba manufaa ya kinamasi hicho, kazi ya kusafisha maji ikiwa ndiyo kubwa, yalifikia kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Mtambo wa bure, usiotumia umeme!

Hata hivyo bonde halikusikilizwa sana. Sehemu ya juu, kaskazini ya reli iendayo Port Bell, ililimwa magimbi na miwa, mifereji ikachimbwa, na maji yakapata njia ya mkato. Hapana haja ya kumlaumu mkulima mwenye jembe lake peke yake. Viwanda na majengo navyo viliingia. Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga mtambo mpya wa maji taka Bugolobi, na mtambo mwingine wa maji ya kunywa Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba iliyochafuka. Fedha nyingi zimetumika kufanya yale ambayo mafunjo yalikuwa yakifanya kwa sehemu.

Je, watafiti wale walipoteza wakati wao? La. Kansiime alibaki Makerere akawa profesa, na wanafunzi wengi wa mambo ya maji wamepita mikononi mwake. Lakini njia ile si nyepesi kwa anayeianza leo. Kijana mwenye shahada ya kwanza aghalabu huajiriwa kuwa msaidizi katika mradi wa miaka miwili au mitatu. Mradi ukiisha, mshahara nao umekwisha. Kabla ya kuchota chupa ya kwanza atahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, lililoundwa mwaka 1990. Tangu mwaka 2019 Makerere ina mfuko wa utafiti uliotolewa na Serikali, shilingi bilioni 30 kwa mwanzo, na mwaka 2022 mishahara ya wanasayansi wa Serikali iliongezwa mno, hata mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada akafikishwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Hayo ni mema kwa aliyekwisha kuingia kazini. Aliye mlangoni angali akingoja.

Wazazi wa Makindye, ambayo Kisugu ni sehemu yake, wanaye pia Catherine Nakalembe. Baba yake ni fundi wa magari aliyejifunza mwenyewe, na mama yake ana mkahawa papo hapo Makindye. Alitaka sayansi ya michezo, alama zake hazikutosha kupata ufadhili wa Serikali, akasoma mambo ya mazingira Makerere. Baadaye alikwenda Marekani, akajifunza kusoma picha za setilaiti ili kutambua mashamba yaliyokauka, na kazi yake ikatumika Karamoja. Mwaka 2020 alishiriki Tuzo ya Chakula ya Afrika. Anafundisha Chuo Kikuu cha Maryland. Wapo watakaosema kwamba tumempoteza. Wa Karamoja huenda wasikubali.

Mwanafunzi wa sekondari aliye likizoni Kisugu aweza kuonja kazi hii pamoja na mkubwa wake, kwa chupa mbili safi zilizo sawa. Mkubwa avae mabuti na glavu za mpira, achote maji ya mfereji kabla hayajaingia mafunjoni, na mengine yanapotoka. Chupa ziwekwe mbele ya ukurasa wa gazeti hili, ionekane ni ipi inayoruhusu herufi kusomeka. Maji hayo yasionjwe kabisa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Asisahau kuandika juu ya kila chupa mahali, tarehe na saa.