Unataka meno meupe? Achana na ndimu!

Wiki hii, mpenzi msomaji, nina ugomvi na nyie wa ndimu na magadi. Mnajijua. Harusi Jumamosi, Jumatano mtu yuko uani na kioo, kipande cha ndimu mkononi, magadi pembeni, anasugua meno kama anasugua sufuria lililoungua. Na kwa siku mbili tatu kweli yanang'aa, ndiyo maana anarudia.

Sasa sikia. Jino lina gamba la nje, wataalamu wanaliita enameli. Mwilini mwa binadamu hakuna kitu kigumu kama hicho, hata mfupa haufui dafu. Ila kwa asidi linasalimu amri. Na likishalika ndiyo basi, haliоti tena, maana chembe hai zilizolitengeneza zinakufa jino linapochomoza kwenye fizi. Chini yake kuna dentini, ambayo rangi yake ni manjano. Umeona mchezo? Kadiri unavyosugua kutafuta weupe, ndivyo unavyolifuata manjano. Anayeendelea hivyo atakuja kunywa maji ya friji ameshika shavu, na meno rangi ya jezi ya Yanga (wana-Jangwani mnisamehe). Mkaa wa kusaga nao ni yale yale, unakwangua tu.

Halafu kuna asidi tusizozihesabu: soda, ukwaju, embe mbichi ya chumvi na pilipili, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Mate yana madini ya kulirekebisha gamba, lakini yanataka muda. Mtu anayekaa kijiweni na soda moja saa tatu nzima, fundo moja moja, mate yake yatafanya kazi saa ngapi? Inywe na chakula, imalize, sukutua kwa maji. Na usikimbilie mswaki! Gamba lililotoka kupigwa na asidi limelainika, ukisugua unaliondoa. Subiri nusu saa, ikibidi saa nzima. Kisha mswaki laini, dawa yenye floridi, mkono mwepesi. Wa usiku usikose.

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, ile kahawia mliyokua nayo wengi wenu si uchafu. Ni floridi iliyozidi kwenye maji mliyokunywa utotoni, imeingia ndani ya gamba kabla jino halijaota. Hata msugue majivu ya kijiji kizima haitoki, mtaumia bure. Muoneni daktari wa meno, zipo njia zake za kuificha.

Na wewe mshkaji unayefungulia watu soda kwa meno ili mademu wakuone mkali: gamba ni gumu, ndiyo, lakini linamegeka kama sahani ya udongo. Opena shilingi ngapi bwana?

Walioniandikia kuhusu harufu ya mdomo, zamu yenu wiki ijayo.