Oili Iliyozidi Si Akiba

“Bosi, oili ikizidi haina neno. Itajiunguza yenyewe.”

Nimeambiwa maneno hayo zaidi ya mara moja. Safari ya mwisho nilikuwa nimesimama kando ya IST yangu kwenye gereji ya mtaani, stiki ya oili mkononi, na oili imepanda juu ya F, alama ya kujaa, kwa urefu wa kucha ya kidole gumba. Fundi hakuwa na nia mbaya. Alimimina galoni nzima ya lita 4 kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: oili ikipungua injini inakufa, kwa hiyo ikizidi injini inanenepa. Madereva wengi wanaamini hivyo hivyo, tena kwa dhati, na ukibisha unaonekana mtu wa kusumbua mafundi.

Nabisha. Ni kweli kwamba oili ikipungua sana injini inasagika, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata, ya kudhani kwamba ukivuka alama ya juu unakuwa umejiwekea akiba.

Oili hukaa kwenye sampo, lile beseni lililo chini kabisa ya injini. Juu yake kidogo ndipo inapozunguka krenki. Waliobuni injini waliacha nafasi kati ya uso wa oili na krenki kwa makusudi, na alama ya F ndiyo inayoilinda nafasi hiyo. Gari likiwa kwenye mwendo wa mizunguko 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida tu wa safari ya mkoani, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde. Oili ikipanda mpaka krenki iifikie, itapigwa kama muuza chipsi mayai anavyopiga yai kwenye kikombe. Kinachopatikana ni povu.

Povu ni oili iliyoshiba hewa, na hewa hubanika. Pampu ikivuta povu, presha inayumba, na ule utando mwembamba unaozuia chuma kusugua chuma unakatikakatika kwenye beringi. Valvu zinaanza kugonga. Taa ya oili inaweza kumulika huku sampo imejaa pomoni. Yaani injini iliyojazwa kupita kiasi inaugua ugonjwa ule ule wa injini iliyokauka, na hapo msemo wa “bora izidi kuliko ipungue” unakosa mguu wa kusimamia.

Sasa turudi kwenye hilo la kujiunguza, maana ndilo linalowatuliza wengi. Injini nzima haiunguzi oili kwa kiasi cha maana. Ikiwa yako ni nzima, basi hicho kilichozidi utatembea nacho miezi na miezi, mpaka siku ya kumwaga tena. Na ikiwa kweli kinapungua haraka, jiulize kinapita wapi. Ringi zikichoka, oili hupanda kwenye pistoni. La sivyo, mvuke na matone ya oili iliyochapwa hupitia kwenye bomba la kupumulia injini, huingia kwenye njia ya hewa na kuungua pamoja na petroli. Ndio ule moshi wa buluu nyuma ya gari. Unachafua plagi, kisha majivu yake yanaganda kwenye masega ya egzosi, kifaa ambacho bei yake inanunua oili ya miaka mingi. Basi anayesema itajiunguza anakuahidi jambo ambalo halitatokea, au likitokea litakugharimu.

Kwa nini kosa hili ni la kila siku kiasi hiki? Ukitazama hesabu utaona. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST za cc 1500, Probox na magari mengine mengi yanayotembea Dar es Salaam, inachukua lita 3.7 ikibadilishwa oili pamoja na filta. Bila kubadilisha filta inachukua lita 3.4. Galoni ina lita 4. Fundi akiimimina yote na filta mpya, amezidisha mililita 300. Akiiacha filta ya zamani, amezidisha 600, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu siku ile. Kama gari lilimwagwa oili likiwa limeinama, au injini ikiwa ya baridi na oili nzito haikutoka vizuri, ongeza tena juu ya hapo. Kwa Vitz na Passo za cc 1000, ambazo zinachukua lita 3 na kidogo, galoni nzima inapitiliza kwa karibu lita nzima. Mteja mwenyewe naye anachangia: amelipia lita 4, anataka kuziona zote zikiingia, na fundi akimbakishia kidogo anadhani anaibiwa. Hicho kinachobaki ni mali yako. Funga kifuniko, kiweke kwenye buti, kitakufaa siku ya kuongezea.

Kisha kuna kituo cha mafuta. Umefika, umezima injini, kijana mwenye adabu zake anafungua boneti na kuchomoa stiki hapo hapo. “Oili imepungua, bosi.” Haijapungua. Nyingine bado iko juu kwenye silinda hedi na kwenye mifereji, haijarudi chini. Vitabu vya Toyota vinataka injini ipate moto, izimwe, gari liwe kwenye tambarare, na usubiri zaidi ya dakika 5 ndipo upime. Wengi hatusubiri hata moja. Tunaongeza nusu lita kwenye gari ambalo lilikwisha kuzidishwa oili gereji, na makosa mawili madogo yanazaa moja kubwa.

Lililo baya kuliko yote hutokea oili inapomwagwa kutoka pasipo penyewe. Kwenye Subaru kadhaa za otomatiki, nati ya kumwagia oili ya gia boksi haiko mbali na ya injini, na imetokea si mara moja fundi kufungua ile ya gia boksi akidhani ni ya injini, kisha akamimina oili mpya juu ya ile ya zamani. Gia boksi imebaki kavu na injini ina maradufu. Gari hilo lisiwashwe hata kwa kusogezwa nje ya gereji.

Upande wa pili wapo wanaotisha watu bure, na hao pia sikubaliani nao. Husema ukivuka alama kidogo tu sili zote zitapasuka kwa presha. Presha ya oili hutoka kwenye pampu, na pampu ina valvu inayoiwekea kikomo. Wingi wa oili kwenye sampo hauipandishi. Milimita 2 au 3 juu ya F hazitanifanya nimpigie fundi simu. Kwenye magari mengi madogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni takribani lita 1, kwa hiyo ukiona oili imezidi kwa nusu ya nafasi hiyo, umebeba kama nusu lita isiyo na kazi, nami ningeitoa kabla ya safari yoyote ndefu. Ikizidi kwa nafasi nzima, usiwashe kabisa.

Kwa mwenye dizeli, hasa yenye turbo, nasisitiza zaidi. Dizeli haihitaji cheche ili iungue. Oili ikiingia kwa wingi kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuila oili yake yenyewe kama mafuta, ikapandisha mizunguko bila kukanyagwa, na ukizima ufunguo ikaendelea kunguruma. Si jambo la kila siku, lakini likitokea mara nyingi injini haiponi.

Kuna pia oili inayopanda bila mtu kuongeza, na hapa kuipunguza tu ni kuficha ugonjwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na cha kukaguliwa ni gasketi ya hedi. Ikinuka petroli, tazama mfumo wa mafuta. Mazda za dizeli za SkyActiv, ambazo sasa zimeenea Kenya na Tanzania, zina alama ya X kwenye stiki, juu ya ile ya kujaa. Zinapochoma masizi kwenye kichujio cha moshi, dizeli kidogo huteremka kwenye oili na kuifanya iwe nyepesi. Kiwango kikifika X, oili hiyo imwagwe yote na kuwekwa mpya. Kuvuta kidogo hakutoshi, kwa sababu kilichobaki kimekwisha kuchanganyika.

Kwa oili safi iliyozidishwa tu, dawa ni nyepesi mno kulinganisha na ubishi wake. Fundi anaweza kulegeza nati ya sampo na kuchuruzisha kiasi, ingawa oili ya moto inaunguza mkono na ni rahisi kutoa kuliko ulivyokusudia. Mimi napenda njia ya juu: mpira mwembamba unaopita kwenye tundu la stiki, na sindano kubwa ya mililita 60. Mivuto mitano ni mililita 300. Unapima, unavuta tena ikibidi. Kazi hii haifikishi nusu saa, wala huna haja ya kulala chini ya gari. Oili uliyoitoa, ikiwa safi, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ikiwa chafu, ipeleke gereji wanakokusanya oili chafu, isiishie mtaroni.

Yule fundi wangu nilimwomba avute, akavuta, tukapima pamoja mpaka ikashuka kwenye F. Hakunichukia.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi, kabla hujawasha gari na likiwa limelala kwenye tambarare, chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena uisome. Usiku kucha oili yote imeshateremka, kwa hiyo haitakudanganya. Na siku utakapokwenda kubadilisha, mwambie fundi aanze na lita 3, apime, ndipo aongeze kidogo kidogo mbele ya macho yako.