Mnunuzi wa simu ya bei nafuu aelezwe ukweli

KATIKA miaka michache iliyopita zimefanyika juhudi kubwa hapa Rwanda za kumfikishia mwananchi wa kawaida simu ya kisasa. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali, na simu zake mbili za kwanza zikatangazwa kwa bei ya faranga 120,250 na 175,750. Desemba mwaka huo huo ikaanza kampeni ya Connect Rwanda, ambayo Rais mwenyewe aliahidi kuichangia simu 1,500. Mwishoni mwa 2023 awamu ya pili ya kampeni hiyo, kupitia Airtel, ikaja na simu ya 4G kwa faranga 20,000.

Kushuka kutoka 120,250 hadi 20,000 katika miaka minne si jambo dogo, na waliolifanikisha wanastahili pongezi. Hata hivyo, karibu mazungumzo yote yamekuwa juu ya bei. Machache mno yamesemwa kuhusu simu yenyewe inavyofanya kazi ikishafika mikononi mwa mama anayeuza nyanya na vitunguu kati ya Rubavu na Goma, au kijana anayepitisha bidhaa zake Rusumo. Hao wanaitegemea simu kama muuza nyama anavyotegemea mizani.

Tuanze na laini. Akiwa Gisenyi, fedha za mfanyabiashara ziko kwenye MoMo na anazifikia kwa *182#. Akishavuka Petite Barrière, wateja wake wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ya Kongo. Makubaliano ya mwaka 2014 na 2015 yalipunguza gharama za kupiga simu kati ya Rwanda, Kenya na Uganda, lakini hata huko hayakuondoa haja ya laini ya pili, kwani fedha hukaa kwenye laini. Mwanzoni mwa 2025, benki za Goma zilipofunga milango baada ya mji huo kutekwa na M23, wengi walibaki na simu tu kama benki yao.

Kwa mtu wa namna hiyo, simu yenye nafasi ya laini moja, au iliyofungwa isikubali laini ya kampuni nyingine, haifai hata akiuziwa kwa bei ya gunia la makaa. Ataishia kutembea na simu mbili, ya kisasa mfukoni na kitochi kwenye pindo la kitenge, na kitochi ndicho kitakachofanya kazi. Tunaelewa kwamba kampuni inayouza simu chini ya gharama hutaka kurudisha fedha yake kupitia bando na muda wa maongezi. Ni haki yake. Lakini haki ya mnunuzi ni kuambiwa hivyo kabla hajalipa, si siku anapofika Goma na kuona maandishi yanayomkatalia laini yake.

Jambo la pili, na hili ndilo linalowasumbua wengi zaidi, ni nafasi ya kuhifadhi. Boksi limeandikwa gigabaiti 16. Mnunuzi anadhani amenunua ghala tupu, kumbe Android yenyewe na programu zilizokuja nayo zimekwishakalia sehemu kubwa ya ghala hilo. Kinachobaki humezwa na WhatsApp: picha za mizigo, sauti za madalali, video za harusi kutoka kwa shemeji aliyebaki Bukoba. Vyote hivyo hushuka vyenyewe bila mwenye simu kuombwa ruhusa. Baada ya miezi michache simu inakuwa nzito, inaganda, na siku mteja anapotuma picha ya hati ya malipo inajibu kwamba nafasi imejaa. Wengi hukimbilia kwa fundi, fundi anafuta kila kitu, na namba zote za wateja zinakwenda nazo.

Dawa yake si ngumu. Katika mipangilio ya WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, mtu anaweza kuzuia picha na video zisishuke zenyewe. Memori kadi itasaidia kuweka picha, ingawa WhatsApp yenyewe hubaki ndani ya simu. Namba za wateja zihifadhiwe kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini wala kwenye simu pekee. Haya ni maelezo ya dakika tano ambayo muuza simu wa mjini kati au Nyabugogo angeweza kuyatoa anapofungua boksi. Ni nadra kuyatoa.

Lipo pia suala la umri wa simu. Mwaka 2017 Google ilitoa Android Go kwa ajili ya simu ndogo, zenye memori ya kufanyia kazi ya gigabaiti moja au pungufu. Lakini tangu Android 13, ya mwaka 2022, hata toleo hilo jepesi linadai angalau gigabaiti mbili. Maana yake ni kwamba simu mpya ya gigabaiti moja inayouzwa leo imezeeka ikiwa bado dukani. Haitapata matoleo mapya na, baada ya muda, hata programu za kawaida zitaikataa. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2023, WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Kwa aliyerejea nyumbani akitokea Karagwe, Masisi au Mbarara, huko ni kukatiwa mazungumzo na nusu ya ukoo.

Wanaonunua simu zilizotumika wana hatari yao nyingine. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti ya Google ya mwenye nayo wa kwanza hudai nywila ya mtu huyo inapowashwa upya. Asiye nayo amenunua kipande cha kioo. Muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya mnunuzi, ndipo fedha zitoke.

Kuhusu lugha, tangu Februari 2017, Bunge lilipopitisha sheria, Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Kimo pia ndani ya Android, kwenye orodha ya lugha. Lakini simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na mama aliyesoma Kiswahili Tanzania anaambiwa abonyeze hapa na pale bila kujua anakubali nini. Kumbadilishia lugha hakumgharimu muuzaji hata faranga moja.

Mzigo wa bei nao unaongezeka. Mageuzi ya kodi yaliyotangazwa Februari 2025 yanarudisha VAT ya asilimia 18 kwenye simu za mkononi, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimesamehewa. Serikali ina sababu zake za kutafuta mapato. Lakini mwananchi anapoombwa alipe zaidi, ana kila sababu ya kudai ajue anacholipia.

Kwa hiyo tunaziomba RURA, inayosimamia mawasiliano, na RICA, inayolinda watumiaji wa bidhaa, ziwatake wauzaji wote kuandika mambo manne juu ya boksi la simu, kwa Kinyarwanda na Kiswahili: nafasi halisi inayobaki simu ikiwashwa mara ya kwanza, mwaka ambao mtengenezaji ataacha kuipa simu hiyo masasisho ya usalama, idadi ya laini inazochukua, na kama imefungwa kwa mtandao mmoja, ni kwa muda gani na inafunguliwaje. Simu zinazotolewa kwa mpango wa ruzuku ndizo zianze, kwani hizo zimebeba jina la taifa. Wakati tukingoja, anayekwenda kununua simu wiki hii achukue laini zake zote mbili, ya Rwanda na ya ng'ambo, azitie kwenye simu hiyo hapo hapo dukani, apige kwa kila moja, kisha ndipo aulize bei.