Kolani si moja: Kindu itofautishe nguo kabla ya kumhukumu anayeivaa

KINDU, Maniema. – Kuna neno moja linaloleta ugomvi mwingi nyumbani, sokoni na mbele ya milango ya makanisa na misikiti ya Kindu: kolani. Mama mkwe akitaja kolani, anafikiri nguo nyembamba inayoonyesha mwili. Binti akitaja kolani, anafikiri legingi yake nyeusi na nzito anayoivaa chini ya gauni. Mwuzaji wa mitumba naye akitaja kolani, anafikiri kila kitu kinachovutika na kubana miguu, na bei yake ni moja. Watu watatu wanatumia jina moja kwa nguo tatu, kisha wanakasirikiana.

Wengine wataona ni jambo dogo wakati nchi iko na vita. Lakini wanaolipa zaidi makosa ya jina hili ni wale wale waliokimbia vita. Familia iliyotoroka kijiji usiku haibebi sanduku la nguo. Inafika mjini, inapokelewa na ndugu au na rafiki, na nguo inayopata ni ile inayotoka ndani ya mfuko wa msaada au ile ya bei ya chini sokoni. Binti akipewa kolani ya nailoni na kuambiwa ni suruali, ataivaa kama suruali. Kesho yake kwenye kisima anatukanwa kwamba hana adabu. Hakuchagua nguo ile, ila aibu inabaki kwake.

Ndiyo maana inafaa Kindu ijifunze kutofautisha. Si kwa kuwafundisha wamama mitindo, ila kwa sababu anayeuza, anayegawa na anayehukumu wote wanapaswa kujua wanashika nini mkononi.

Nguo tano ndani ya jina moja

Ya kwanza ni kolani yenyewe. Jina lake limetoka kwa Kifaransa, kwa neno lenye maana ya kunata. Inafunika mguu mzima mpaka vidole, na kazi yake ni ya soksi ndefu iliyounganishwa na chupi. Historia yake inaeleza hivyo wazi. Nailoni ilitengenezwa mwaka 1935 katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na kundi la mwanakemia Wallace Carothers. Tarehe 15 Mei 1940 soksi ndefu za nailoni zilianza kuuzwa katika nchi ile yote. Mwaka 1959 kiwanda cha Allen Gant, kule Carolina Kaskazini, kikaunganisha soksi zile mbili na chupi ili mwanamke asihitaji tena mikanda ya kuzishikilia. Kwa hiyo tangu mwanzo ni nguo ya ndani. Ilitengenezwa ivaliwe chini ya sketi au gauni.

Unene wake unapimwa kwa namba inayoandikwa kwenye pakiti pamoja na herufi «den». Namba hiyo inasema mita 9000 za uzi wake zina uzito wa gramu ngapi. Ya 15 au 20 inaonyesha ngozi yote. Ya 40 inaonyesha kidogo. Ya 80 au 100 inafunika vizuri, lakini hata hiyo inabaki soksi.

Ya pili ni legingi. Hii haina vidole. Inaishia kwenye kifundo cha mguu, au katikati ya muundi. Kitambaa chake ni kizito zaidi, mara nyingi pamba au poliesta iliyochanganywa na uzi kidogo wa kuvutika. Uzi huo ulitengenezwa na Joseph Shivers, naye wa DuPont, mwaka 1958, na watu wengi wanaujua kwa jina la Lycra. Legingi nzuri inaweza kutoka nje ikiwa juu yake kuna shati refu, gauni au kikwembe.

Ya tatu ni jinzi ya kuvutika. Kwa mbali inafanana na jinzi ya kawaida, lakini haina zipu ya kweli, na mara nyingine mifuko imechorwa tu. Kitambaa chake ni cha suruali. Anayeivaa amevaa suruali, basi.

Ya nne ni ya michezo: ndefu ya kukimbilia, au kaptula fupi ya kubana kama ya waendesha baiskeli. Inateleza mkononi na inakauka upesi. Wanafunzi wengi wanaiweka chini ya sketi ya bluu ya masomo ili waruke na kukaa chini bila wasiwasi. Hapo inafanya kazi ya adabu, si kinyume chake.

Ya tano inajulikana na wachache, na inaweza kuleta madhara. Ni soksi ndefu au kolani ya waganga, kwa watu wenye matatizo ya mishipa ya miguu. Mara nyingine inajificha ndani ya balo la mitumba. Inajulikana kwa ugumu wake: inabana sana kwenye kifundo, na inalegea kadiri inavyopanda. Mtu ambaye damu haifiki vizuri miguuni anaweza kuumizwa nayo. Hiyo isiuzwe wala isigawiwe kama nguo ya kawaida. Inapaswa kupelekwa kwa muuguzi, naye ataona ni nani inayemfaa.

Kujua kwa mkono

Lebo ikiwa bado ipo, isomwe. Neno «coton» ni pamba; «polyamide» ni nailoni; «élasthanne» ni ule uzi wa kuvutika. Lakini kwenye mitumba lebo mara nyingi imekatwa, na hapo mkono ndio unajibu.

Mkono uingie ndani ya mguu wa nguo, vidole vitanuliwe, kisha nguo inyanyuliwe mbele ya jua. Kama mistari ya kiganja inaonekana, ile ni ya ndani. Kama kinachoonekana ni kivuli tu, inaweza kuvaliwa na gauni fupi. Kama hakuna kinachoonekana, ni legingi ya kweli. Ni lazima kuivuta kabla ya kuiangalia, kwa sababu karibu kila nguo ya aina hii inaonekana nzito ikiwa imekunjwa mezani.

Halafu ivutwe kwa upana na kuachwa. Ikirudi mara moja, uzi wake bado ni mzima. Ikibaki imelegea kwenye goti au kiunoni, uzi umekufa, na hakuna sabuni itakayoufufua. Mwisho uangaliwe mshono wa katikati ya miguu. Ile yenye kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonwa pale inadumu, kwa sababu mshono hauvutwi wote mahali pamoja.

Mwuzaji mwaminifu hakatai majaribio haya. Mteja akisema, «Mama, niruhusu niivute kidogo,» jibu zuri ni, «Vuta tu, mama, uone.» Anayekataa anajua sababu yake.

Kujua huku ni akiba pia. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia moja kubwa ya mizigo ya mashariki ilikatika. Mama anayenunua nguo moja kwa miezi mingi hawezi kulipa bei ya legingi kwa soksi ya nailoni itakayofumuka siku ya pili.

Na akishaipata nzuri, aitunze. Maji ya moto, Javel na pasi ya makaa vinaua uzi wa kuvutika. Maji baridi, sabuni kidogo na kivuli vinatosha.

Joto, mbabula na pikipiki

Kuna sababu nyingine ya kutofautisha, nayo ni afya. Kindu iko karibu na ikweta, kando ya mto, na hewa yake ni ya joto na unyevu. Nailoni inayobana kutwa nzima inafungia jasho, na mahali penye jasho lisilokauka ndipo muwasho na ukungu wa ngozi vinapoanza. Legingi yenye pamba nyingi inapumua zaidi. Anayelazimika kuvaa ya nailoni avae chupi ya pamba ndani, na aivue anapofika nyumbani.

Kuna pia moto. Pamba ikishika cheche inaungua na kuwa majivu. Nailoni na poliesta zinayeyuka, na zikiyeyuka zinanata kwenye ngozi. Mama anayepika kwenye mbabula, au binti anayepanda pikipiki karibu na bomba la moshi, yuko katika hatari zaidi akiwa amefunikwa muundi na nailoni kuliko na pamba. Kikwembe cha pamba juu ya legingi kinasaidia jikoni; kwenye pikipiki kifungwe vizuri kisiingie kwenye gurudumu.

Nchi hii ilikwisha kuona marufuku

Wapo wanaosema dawa ni moja: kukataza zote. Wakumbuke kwamba dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa. Miaka ya 1970, wakati nchi ilipoitwa Zaire, utawala wa Mobutu ulikataza wanawake suruali, sketi fupi na nywele za bandia, na kuwataka wavae kikwembe. Wanaume wakapewa abacost. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, utaratibu huo ulipoteza nguvu na polepole suruali ikarudi. Wamama wenye umri bado wanakumbuka. Kilichobaki hadi leo ni kikwembe, na kimebaki kwa sababu wamama wanakipenda, si kwa sababu ya amri.

Majirani nao walijaribu. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 kwamba sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zingepigwa marufuku kuanzia Januari 1969. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana yalianza kuwashambulia wasichana kule Kariakoo, Dar es Salaam. Uganda, sheria dhidi ya picha na mambo ya uchafu ilipotiwa sahihi mwaka 2014, kuna wanawake waliovuliwa nguo barabarani na watu waliojiita walinzi wa sheria. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake muhimu mwaka 2021. Mara zote mbili kundi lilianza kuhukumu kwa macho, na kundi halikuuliza kama ile ni kolani au ni legingi.

Wala nguo ya kubana mguu chini ya gauni si kitu kigeni kwa Waswahili. Karne ya 19, wanawake wa nyumba kubwa za Unguja walivaa chini ya kanzu zao suruali nyembamba yenye marinda kwenye kifundo. Ni wakati ule ule ambapo Kiswahili kilifika Nyangwe na Kasongo pamoja na watu wa Pwani, katika biashara ya pembe na ile mbaya ya watumwa. Legingi chini ya gauni refu inafanana na desturi hiyo ya zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu wanaume wanaosema nguo ndiyo inawavuta mkono, jibu limo ndani ya sheria. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji, na inaadhibu pia usumbufu wa kingono. Nguo nyembamba inaweza kuwa kosa la aliyeigawa au la aliyeiuza. Haiwezi kamwe kuwa ruhusa kwa mtu mwingine kugusa.

Kila mmoja na kazi yake

Wanaogawa msaada ndio wa kwanza. Kabla ya mfuko kufika kwa familia, mtu mmoja akae, avute kila nguo mbele ya mwanga, na aweke za ndani upande wake na za nje upande wake. Kazi hiyo haiombi fedha. Binti apewe kolani ya nailoni pamoja na sketi au kikwembe, au asipewe kabisa. Na kamati za waliohama zenyewe ziwe na mama mmoja wa kusimamia hilo, kwa sababu yeye anajua aibu inaanzia wapi.

Wauzaji nao waache kuchanganya. Marundo mawili mezani, yenye bei mbili, yatawaletea wateja wanaorudi.

Wazazi, walimu na viongozi wa dini wana haki ya kuweka utaratibu wa nyumba zao. Ila utaratibu useme wazi. «Kolani hazitakiwi» ni neno lisilo na maana, kwa sababu linamkataza hata mwanafunzi aliyejisitiri chini ya sketi. «Nguo inayoonyesha ngozi isivaliwe peke yake» ni neno linaloeleweka na mtoto wa miaka kumi. Na kama anayeivaa ni mgeni aliyekimbia vita, aitwe pembeni na mama mmoja, aulizwe kwa upole kama ana nyingine. Mara nyingi jibu litakuwa hapana. Hapo kinachohitajika ni kikwembe cha kumpa, na Kindu haikosi nyumba yenye kikwembe cha pili.