"Sijambo" Isiyo Kweli

Hakuna neno jepesi ulimini mwetu kuliko "sijambo". Mtu ana homa, atasema sijambo. Amefiwa, atasema sijambo, alhamdulillahi. Siyabezi maamkizi yetu, maana ni adabu tuliyorithi, na kumshukuru Mola ni wajibu katika kila hali. Lakini naona neno hili limekuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo wako watu wanaoangamia.

Hapa Voi wamo tele. Mkulima hukesha akilinda mahindi yake yasiliwe na ndovu watokao Tsavo, na kukipambazuka akakuta shamba limekuwa uwanja. Mtu kama huyo akihuzunika hana lawama. Hata Nabii Yaakub, alayhi salaam, alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yakaingia weupe, na daraja yake ya utume haikupungua.

Lakini kuna huzuni, na kuna maradhi ya huzuni. Madaktari huyaita sonona, neno litokalo katika kusononeka kwetu. Wala si jambo la kuletewa na Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akazibagua huzuni mbili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na isiyojulikana sababu yake, ambayo alisema asili yake imo mwilini. Miaka zaidi ya elfu imepita, nasi tungali twasema, "Huyo imani imemlegea."

Dalili zake si fumbo. Moyo huwa mzito karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Lililokuwa likimfurahisha mtu halimfurahishi tena. Usingizi humruka, au hulala kupita kiasi. Chakula hakimpendezi, huchoka bila ya kazi, fikira hazitulii, hujiona si kitu. Wengine, hasa wanaume, huwa wepesi wa hasira. Na akifika kusema afadhali afe, neno hilo lisifanyiwe mzaha. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali ya Rufaa ya Moi iko papa hapa mjini, na hapo ndipo pa kuanzia. Matibabu ni mazungumzo na mjuzi, na pengine dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Kwa hivyo zisikatizwe njiani. Sisemi kisomo kiachwe. Asomewe, anyweshwe kombe, aombewe dua. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamuru tutafute dawa, na alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Kisomo na daktari si mahasimu.

Zamani jamaa walikuwa na hofu nyingine. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, aweze kufungwa hadi miaka miwili. Kwa kuogopa polisi, watu wakamficha mgonjwa ndani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeitua fimbo, sisi majirani tutaitua lini fimbo ya ulimi?

Rai yangu ni ndogo. Ukimwona mwenzio amepooza, usitosheke na "sijambo" ya kwanza. Kaa naye kitako, umuulize mara ya pili, kisha unyamaze usikilize. Usimkatize kwa mawaidha. Akikueleza, fuatana naye hadi kwa daktari.

Wahenga walimlaumu mficha maradhi. Mimi namlaumu pia jirani aliyeyaona, akaitikia "alhamdulillahi", akapita njia yake.